Sanduku la Dawa la Busunzu

Busunzu, Kibondo
14 Machi 1976

Kwa kaka yangu Abbasi,

Pokea salamu zangu, na za Dadi, na za watoto. Huku kwetu wote wazima. Tunu alibanwa na mafua wiki iliyopita, sasa anakimbia tena na kuvunja vyungu vyangu. Nipe hali yako na ya wifi Shamsia. Je, mimba imetulia au bado inamtapisha?

Kaka, zahanati yetu imekwisha kujengwa! Unakumbuka tulipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, tukashushwa porini na vitu vyetu vikanyeshewa, nikakuandikia barua ya kilio. Sasa uje uone. Matofali tumefyatua wenyewe. Wanawake tulikuwa na zamu ya maji, tunapanda nayo kilima kutoka mtoni mpaka shingo zikafa ganzi. Dadi ndiye aliyechimba msingi wa chumba cha sindano, na lipu akapiga yeye. Serikali imeleta mabati, vitanda viwili na mganga. Anaitwa Nestori, ana mke na watoto wanne, mtu mpole, ukimgongea mlango anaamka.

Mgeni wa wilayani aliyekuja kufungua alisema, "Hapa mtatibiwa bure." Tulipiga vigelegele. Mama mmoja akaninong'oneza, "Zena, bure kweli, au watatuandika majina?" Nikamwambia bure kweli.

Uje ututembelee mvua zikipungua.

Mdogo wako,
Zena


Kasulu
2 Aprili 1976

Kwa mdogo wangu Zena,

Barua yako imefika na nimemsomea wifi yako, amefurahi. Mimba imetulia, ila amekuwa mkali, hata mimi natembea kwa ncha za vidole. Mimi ni mzima. Msalimu shemeji Dadi na uwabusu wapwa zangu.

Hongereni kwa zahanati. Lakini neno lako moja limenikwama kooni: bure. Bure ya nani, Zena? Mimi nalipa leseni ya duka. Nalipa kodi ya mapato. Kila doti ya khanga, kila kipande cha sabuni humu dukani kina kodi ya mauzo. Ninyi wakulima mlifutiwa kodi ya kichwa tangu mwaka sitini na tisa. Basi hayo mabati na mshahara wa huyo Nestori ni jasho la watu kama mimi.

Na mimi nikiugua? Napanga foleni ya serikali toka alfajiri, nikifika dirishani naambiwa dawa hakuna. Kwa hiyo nakwenda kwa Dokta Abdulrahmani, nyuma ya soko, ana zahanati yake mwenyewe. Namlipa, ananiangalia machoni, ananitibu. Mimi nalipa mara mbili, kwa asiyenitibu na kwa anayenitibu. Ninyi hamlipi hata mara moja, halafu mnapiga vigelegele.

Hata lori la dawa zenu, linalotoka Kigoma kwenda Kibondo, linalala kwenye ua wangu kwa kuwa una lango la chuma. Sidai kitu. Hiyo nayo ihesabu kodi.

Usinune. Ni maneno ya kaka.

Kaka yako,
Abbasi


Busunzu
9 Mei 1976

Kaka Abbasi,

Salamu. Sisi wazima. Natumaini wifi hajambo.

Nimenuna, na utanisikia.

Hatulipi? Tumbaku yetu ikipimwa inakatwa ushuru kabla sijaona hata senti ya kwanza. Hilo tuliache. Hiyo kodi ya sabuni unayoisema, umeitoa mfukoni mwako? Si umeiweka juu ya bei? Sisi wa Busunzu tukinunua chumvi, mafuta ya taa, kiberiti, kodi ile tumeilipa kwenye kaunta. Wewe umeipokea tu na kuipeleka ofisini. Mpeleka kodi si mlipa kodi, kaka yangu.

Na Dadi je? Alichimba msingi siku ngapi bila mshahara? Maji niliyoyabeba kichwani yaandike basi katika hicho kitabu chako cha walipaji.

Tena huyo dokta wako alikuwa mganga wa serikali kabla hajastaafu, wewe mwenyewe ulinieleza. Alisomeshwa kwa fedha ya nani? Kwa kodi ya kichwa, ile waliyomfuatia baba yetu wakamkuta amejificha kwenye mihogo, wakamfunga kamba mbele yetu. Mimi nilikuwa mdogo, wewe ulikuwa mkubwa, ukalia kunizidi. Baba alikufa hajawahi kuchomwa sindano hata moja. Leo dokta aliyesomeshwa kwa kamba ile anawatibu wenye nacho peke yao, na wewe unajivuna.

Dadi ameisoma barua hii, ameniambia niilainishe. Nimekataa.

Mdogo wako,
Zena


Kasulu
22 Agosti 1976

Kwa Zena, mdogo wangu mwenye ulimi wa wembe,

Salamu nyingi kutoka nyumba yenye furaha. Wifi yako amejifungua mtoto wa kike, mweupe kama mama yetu.

Kuhusu kodi ya sabuni, nimekaa kaunta siku tatu nikiwaza, na kweli hapo umenikamata. Usimwambie mtu. Lakini sikiliza. Baada ya kujifungua Shamsia alishikwa na homa kali, akaanza kuweweseka, akawa hanitambui. Nilimkimbiza kwa Dokta Abdulrahmani. Akamchoma penisilini asubuhi na jioni, siku tano. Hatukupanga foleni, hatukuambiwa hakuna. Siku ya tatu mke wangu aliomba uji. Zena, kwa ajili ya uji ule mimi ningelipa mara kumi.

Kwa hiyo unisamehe nikisema kila mtu na njia yake. Ninyi mna yenu, nasi tuna yetu. Kuna ubaya gani?

Nimekutumia khanga mbili na sukari kwa mkono wa dereva wa lori la tumbaku.

Kaka yako,
Abbasi


Busunzu
27 Januari 1977

Kaka yangu,

Nashukuru ulikuja msibani. Uliwasili siku ya tatu, Dadi ameshazikwa, ukakaa nje na wanaume, mimi nikiwa ndani kwenye eda. Hatukupata nafasi ya kuzungumza. Nasikia ulilia. Basi nikueleze jinsi mume wangu alivyokufa, kwa sababu naona huko nje mlizungumza mambo mengine.

Alinyeshewa shambani. Usiku ule akaanza kukohoa, ubavu unamchoma, hawezi kuvuta pumzi. Asubuhi tulimpeleka zahanati yetu. Nestori akampima, akasema ni kichomi, dawa yake ni penisilini, na sanduku la mwezi limefika juzi. Nikasema alhamdulillahi. Akalivunja sanduku mbele yangu.

Kwenye karatasi iliyobandikwa juu kuliandikwa vichupa thelathini. Vilikuwemo vinne. Chini yake magunzi ya mahindi, kaka. Magunzi yaliyopukuchuliwa, yamepangwa vizuri ili sanduku liwe zito.

Nestori aliketi sakafuni. Akaniambia, "Mama Tunu, hii ni mara ya tatu. Nimeandika barua mbili, sijajibiwa." Alimchoma Dadi vile vinne, vikaisha. Homa ilikuwa imeanza kushuka, ikapanda tena. Wanaume wakafunga machela wampeleke Kibondo, mvua inanyesha, daraja limechukuliwa na maji, wakarudi. Alifia katika chumba cha sindano, kile alichokichimbia msingi yeye. Neno lake la mwisho aliuliza kama Tunu amekula.

Nestori anasema masanduku yanafungwa sawasawa Kigoma, yeye ameshakwenda akaona kwa macho. Kibondo hayafunguliwi, yanagawiwa tu. Basi yanafunguliwa njiani. Na njiani lori linalala mahali pamoja.

Mimi sitoki nyumbani mpaka eda iishe. Wewe una miguu. Niulizie, kaka.

Mdogo wako,
Zena


Kasulu
25 Februari 1977

Kwa Zena,

Pole sana tena, mdogo wangu. Sote tunakuombea. Mtoto ameota meno mawili.

Hayo unayoniuliza ni mambo ya serikali na mimi ni mfanyabiashara tu. Lori linaingia jioni, linatoka asubuhi. Dereva ana kazi yake na yule karani anayefuatana na mzigo ana kazi yake. Kumtuhumu mtu bila kumwona ni dhambi, nawe uko katika eda. Siku ya mtu ikifika imefika, hata penisilini isingeiongeza.

Nakutumia mchele, sukari na kitambaa cha sare ya Tunu.

Kaka yako,
Abbasi


Busunzu
12 Juni 1977

Abbasi,

Eda yangu imekwisha. Nilikuandikia Machi, nikakuandikia Aprili, hukujibu. Mchele wako tumeula kwa sababu watoto walikuwa na njaa.

Umeniandikia kuwa penisilini isingemwongezea Dadi siku. Mbona ilimwongezea Shamsia? Ulipomkimbiza mke wako hukusema siku yake imefika. Ulikimbia.

Sikuulizi tena kama unajua. Mtu asiyejua angekasirika pamoja nami. Angeuliza hata swali moja. Wewe ulinihubiria dhambi.

Niambie tu: umejua tangu lini?

Zena, mjane wa Dadi


Kasulu
4 Desemba 1977

Kwa mdogo wangu Zena,

Assalaam alaykum. Najua sistahili kuuliza hali yako, lakini nauliza. Miezi sita nimeanza barua hii na kuichana.

Labda redio imewafikishia habari. Serikali imepitisha sheria kwamba mtu binafsi haruhusiwi tena kuendesha hospitali kwa faida. Dokta Abdulrahmani hakungoja kufuatwa. Ameuza vitanda, amehama na familia yake, hakuna ajuaye alipo. Kwa hiyo sasa naweza kukuambia.

Nilijua tangu mwanzo.

Lori lilikuwa likiingia uani saa tisa alasiri, si jioni kama nilivyokuandikia. Karani wa dawa anashuka, anafungua masanduku ya Kibondo kwa nyundo ndogo, Dokta Abdulrahmani anakuja na kikapu. Mchana kweupe. Wala hawakunificha, maana ua ni wangu. Ikiadhiniwa mimi nachukua kofia yangu nakwenda msikitini, nakaa huko mpaka nione wamemaliza. Nilikuwa nasali ili nisione, Zena. Sikupewa fedha. Nilichopewa ni kwamba nyumba yangu ikiugua tunatibiwa kwanza. Nilijiambia ni dawa za serikali, na serikali nailipa mimi, kwa hiyo nachukua changu.

Sindano za Shamsia zilitoka humo. Na magunzi ni ya kwangu. Shamsia hupukuchulia mahindi uani, anayarundika karibu na lango. Uliponiandikia habari ya magunzi nilitoka nikaenda kuyatazama.

Sasa huyo mtu amefungiwa na ameondoka. Nadhani yamekwisha. Nataka kuwasomesha watoto wa Dadi wote, mpaka watakapofika. Njooni mkae kwangu Kasulu, nyumba ni kubwa.

Kaka yako,
Abbasi


Busunzu
15 Januari 1978

Abbasi,

Nimesoma barua yako mara moja. Sitaisoma mara ya pili.

Yamekwisha? Yamemalizwa na nani? Umesubiri mpaka yule mtu amehama mji ndipo ukapata ujasiri wa kumtaja. Na karani? Amefungiwa? Dereva je? Nikuambie kitu ambacho hujauliza. Sanduku la Desemba lilikuja na vichupa tisa. Dokta wako ameondoka, dawa bado zinapungua. Tena sheria imewafungia nyote njia ya kulipia, sasa hata wewe utakuja kwenye dirisha letu, na dirisha letu ni tupu kwa sababu mlilikomba wenyewe. Lori bado linalala kwako, au sivyo?

Nikueleze tulichofanya sisi tusiolipa kodi. Novemba tulikwenda Kibondo kwa miguu, wanawake kumi na mmoja wa hapa, na wa kijiji cha Kitahana wakatuunga njiani, kumbe nao wana magunzi yao. Nestori alikuwa ameyaweka magunzi yale ya Januari. Nikayamwaga juu ya meza ya bwana mmoja anayehusika na dawa. Hakutufukuza. Aliyatazama sana, akasema, "Mama zangu, nawaamini. Lakini masanduku yananifikia yamepigiliwa misumari. Nileteeni mtu mmoja aliyeona kwa macho, nami nitamfikisha karani huyo mahakamani." Hatukuwa na mtu.

Nami nyumbani nina kaka.

Unasema utawasomesha watoto. Watasoma hapa hapa, shule ni ya serikali, na karo yake nimeshailipa kwa tumbaku na chumvi. Usiniletee mchele. Usiniletee nguo. Ulichukua kilicho chako, ndivyo ulivyosema. Dadi hakuwa na chake? Tulipowapigia vigelegele wale wa mabati, ulidhani tunashukuru sadaka. Tulikuwa tunapokea haki yetu, na wewe ukawafungulia lango walioichukua, ukavaa kofia ukaenda kusimama mbele ya Mungu.

Nenda ukaseme. Kabla ya hapo usiniandikie.

Zena


Kasulu
19 Machi 1978

Kwa Zena,

Nakuandikia kwa sababu nimesema.

Lori lilikuja tarehe tatu. Adhana ilipolia sikutoka. Nilichukua kigoda nikaketi kando ya masanduku yenyewe, nikafunga lango kwa kufuli, ufunguo mfukoni. Karani akacheka, "Bwana Abbasi, leo husali?" Nikamwambia leo nitasali hapa hapa. Akanipuuza, akaendelea na nyundo yake. Nilikuwa nimeshamtuma mtu kwa polisi na kwa katibu wa chama. Walipofika walikuta sanduku la Kitahana limeshavunjwa, na vichupa viko ndani ya koti la dereva.

Karani aliponiona nimewafungulia polisi akapiga kelele mbele ya watu, "Na huyu mwandikeni! Mke wake alipona kwa sindano hizi hizi! Mwulizeni!" Watu wa soko lote walikuwa wamejaa langoni. Polisi akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli. Andika." Nikamweleza yote, na Dadi nikamtaja kwa jina lake na la baba yake.

Walinilaza mahabusu siku nne. Leseni ya duka imezuiliwa mpaka kesi iishe. Kesi itasikilizwa Kigoma, huenda nikawa shahidi, huenda nikawa mshtakiwa, bado hawajaamua. Watu wengine wa mjini wamenipa mkono, wengine wanahama upande wa barabara wakiniona, wanasema nimewakatia dawa walizokuwa wakiuziwa na karani. Shamsia hajazungumza nami tangu siku ile. Jana tu aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama mume wako alikuwa mtu wa namna gani. Zena, nimemjua shemeji miaka kumi na miwili, nikakuta sijui hata alipenda kula nini.

Nataka kuja Busunzu. Nataka kuyasema mwenyewe mbele ya ndugu zake na mbele ya watoto, yasiwafikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukikataa nitaelewa.

Kaka yako, kama bado ni kaka,
Abbasi


Busunzu
16 Aprili 1978

Kaka Abbasi,

Salamu kutoka kwetu. Tu wazima. Mvua bado ni kubwa.

Sanduku la mwezi huu lililetwa juzi na lori jingine. Nestori alilifungulia nje, kijiji kizima tukiwa tumesimama. Vichupa thelathini, tumevihesabu kwa sauti. Jioni ile ile aliletwa mzee mmoja wa upande wa mtoni, kichomi, ubavu unamchoma vile vile. Amechomwa sindano siku mbili. Leo asubuhi nimemkuta amekaa nje juani anagombana na mkewe.

Nilirudi nyumbani nikajifungia, nikalia kuliko nilivyolia siku ya msiba. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna muujiza uliohitajika. Sanduku lifike tu lilivyofungwa.

Njoo. Ndugu za Dadi nimewaambia, wamesema watakusikiliza, hawakusema zaidi ya hapo. Watoto nao nimewaambia kila kitu, maana nao wana haki ya kujua. Tunu aliniuliza akuamkie au asikuamkie. Nimemwambia akuamkie, wewe ni mjomba wake. Mengine utamwomba mwenyewe.

Dadi alipenda mihogo ya kuchoma na maharage. Mwambie Shamsia.

Mdogo wako,
Zena